Rangi ya kuhimili moto kwa jiko la gesi lililochakaa juu

Msomaji wa Tanga ameniandikia kuhusu jiko lake la gesi lenye bana nne na oveni chini, alilopewa na mama mkwe wake. Bati la juu lilikuwa jeupe la kung'aa. Sasa limemeguka kuzunguka bana mbili za mbele, kutu inakula pale palipomeguka, na kwingine weupe umefifia kwa kusuguliwa. Alimwita fundi, akapaka rangi ya mafuta nyeupe. Haikuchukua muda ikawa njano, ikatoa malengelenge, na kila akiwasha moto nyumba ilijaa harufu. Anauliza: je, ipo rangi nyeupe inayohimili moto? Ataipata wapi? Na ni salama kwa jiko linalopikia watoto?

Dada yangu, rangi ya kuhimili moto ipo, na huhitaji kuiagiza Ulaya. Ila kabla hujatoa hela, elewa kwamba ule weupe wa jiko lako haukuwa rangi hata siku moja. Ni enameli, na enameli ni kioo. Kiwandani bati la chuma hupakwa unga laini wa kioo, kisha huingizwa kwenye tanuri lenye joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi, unga ukayeyuka na kushikana na chuma. Ndiyo enameli ile ile ya vikombe na sahani za bati walizotumia bibi zetu. Kikombe kikianguka kikameguka, pale panaonekana weusi. Huo ni mpako wa kwanza, ambao kazi yake ni kukishika chuma. Weupe huja juu yake katika mpako wa pili.

Kwa hiyo hakuna kopo la dukani litakalokurudishia kile kilichokuwepo. Kinachowezekana ni kukinga chuma kisiendelee kuliwa, na kulipa jiko sura ya heshima. Ukilipokea hilo, kazi inafanyika vizuri na inadumu. Wanaoumia ni wale wanaotafuta weupe wa kiwandani ndani ya kopo.

Rangi ya mafuta ya fundi wako ilishindwa kwa sababu gundi inayoshika rangi ile inatokana na mafuta ya mimea na kemikali zinazoungua. Ukutani na kwenye mlango inadumu miaka. Ikikaa kwenye joto linalozidi lile la maji yanayochemka, inabadilika rangi, inalainika, inaanza kuoza kwa joto na kutoa moshi. Ile harufu uliyoisikia ni gundi yenyewe inaungua. Yote iliyobaki lazima itoke, hata pale inapoonekana bado imeshika, kwa sababu rangi mpya itakayokaa juu yake itaondoka nayo.

Rangi ya kuhimili moto ina gundi ya silikoni. Uti wake umejengwa kwa elementi iitwayo kwa Kiingereza silicon pamoja na oksijeni, muungano ule ule ulio ndani ya mchanga na kioo, ndiyo maana moto hauuvunji upesi. Joto likipanda sana, sehemu zake zinazoungua huondoka na kuacha kitu kama kioo chembamba kinachoendelea kuzishika chembe za rangi. Ikichanganywa na chembe za alumini, yaani ile ya fedha, huweza kufika nyuzi 600. Nyeusi nayo hufika huko huko ikiwa imetengenezwa kwa chembe zinazostahili, maana weusi wa kawaida wa oksidi ya chuma ukipata joto kali hugeuka kuwa na wekundu wa kutu.

Na nyeupe? Ipo, lakini nakusihi usiitumie kwenye bati la juu. Ile chembe nyeupe yenyewe haidhuriki na moto. Gundi ndiyo inayochukua umanjano, na mafuta ya kukaangia yakidondokea na kuungua yanaacha alama isiyotoka. Enameli unaweza kuisugua, rangi hii huwezi. Paka bati zima jeusi lisilong'aa, au la fedha, uache ubavu na mlango wa oveni ukiwa mweupe wake wa asili. Jiko jeupe lenye juu nyeusi linapendeza, na majiko mengi ya kiwandani yameundwa hivyo.

Kabla ya hapo hakikisha juu ya jiko lako ni nini hasa, maana nimekutana na watu waliopaka rangi vitu visivyopaswa kuguswa. Kama ni kioo, yale majiko meusi ya kisasa yenye uso kama meza ya vioo, usipake kitu chochote. Kama ni stenlesi, rangi haishiki vizuri na haina kazi, isafishe tu. Ile rangi ya dhahabu au ya buluu inayotokea kuzunguka bana za stenlesi ni alama ya joto, haina madhara. Baadhi ya majiko ya bei nafuu hayana enameli, yana rangi ya unga iliyookwa kiwandani: ukikwaruza mahali pa kujificha kwa ncha ya kisu, inatoka nyuzi laini kama plastiki. Enameli haikwaruziki hivyo. Kisu kinateleza, au kinamegua kipande kikali cha kioo. Kwa maelezo yako ya kumeguka, sina shaka la kwako ni enameli.

Jambo la pili ni kujua joto liko wapi. Watu huona moto wakadhani jiko lote ni moto mmoja. Mwali wa gesi wenyewe unazidi nyuzi 1,000 kwa mbali, na vile vyuma vinavyokalia sufuria vinaweza kuwa vyekundu ncha zake. Lakini bati lililo chini, umbali wa kiganja kutoka kwenye bana, mara nyingi haliungui kiasi hicho. Jipimie mwenyewe: baada ya kupika maharage saa nzima, dondosha tone moja la maji kwa kijiko kwenye bati, sehemu mbalimbali, ukiwa umesimama mbali kidogo. Likikaa na kukauka polepole, hapo hapajafika nyuzi 100. Likichemka na kuchachatika, pamezidi 100. Likiviringika na kurukaruka kama shanga bila kukauka upesi, hapo ni karibu nyuzi 200 au zaidi. Kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, ambacho nyumba nyingi zilinunua wakati wa korona, hakitakusaidia. Kimetengenezwa kusoma joto la mwili tu.

Ukishapima utaona kwa nini bana za mbele ndizo zilizoharibika. Nina hakika ndizo zinazobeba karai na sufuria kubwa. Chombo kikiwa kipana kupita kiasi, moto hauna pa kutokea juu, unarudishwa chini na pembeni, na bati linapata joto ambalo halikuundiwa. Kisha mtu anamwaga maji baridi, au anapitisha kitambaa kilicholowa wakati bati bado ni la moto. Chuma hutanuka na kusinyaa kuliko kioo kilichoshikamana nacho, na mshtuko wa namna hiyo ndio unaopasua enameli. Ongeza ndimu na siki zinazodondoka zikaachwa usiku kucha, ongeza mchanga na waya wa kusugulia sufuria, halafu hewa ya bahari ya Tanga yenye chumvi iingie kwenye ule ufa. Kutu ya pwani haisubiri. Hata ukipaka rangi bora kuliko zote, tabia hizi zisipobadilika rangi itaondoka kabla enameli iliyobaki haijaondoka.

Sasa kununua. Usianzie duka la rangi za nyumba, maana utapewa rangi ya mafuta kama ile ya mwanzo. Nenda maduka ya vipuri vya magari na pikipiki uulize rangi ya ekzosi. Watu wa magari wamekuwa wakitumia rangi hii kwa bomba la moshi na injini miaka mingi, na ndiyo hiyo hiyo ya silikoni. Tanga mjini utaipata. Ukikosa, mwambie mtu anayekwenda Dar es Salaam apitie Kariakoo au Gerezani. Kwa wasomaji wa Nairobi, barabara ya Kirinyaga haikosi. Mara nyingi iko kwenye kopo la kupuliza, na kwa kazi yako kopo moja kubwa linatosha.

Soma kopo kwa makini kuliko unavyosoma kitu kingine chochote katika kazi hii. Tafuta maneno High Heat au Heat Resistant, kisha tafuta namba, na baada ya namba angalia herufi. F ni Farenhaiti, C ni Selsiasi, na tofauti yake ni kubwa. Kopo lililoandikwa 1200 F linafika karibu nyuzi 650 za Selsiasi, na hilo linafaa. Lililoandikwa 500 F ni nyuzi 260 tu; linaweza kutosha sehemu za pembeni, karibu na bana halitoshi. Lililoandikwa 200 F ni nyuzi 93, chini ya maji yanayochemka, na hilo muuzaji anaweza kukupa akiapa kwamba ni la moto. Pengine kuna namba mbili, moja ya joto la muda mfupi na nyingine ya joto la kudumu. Shika ile ya kudumu.

Utaoneshwa pia rangi ya epoksi ya kupaka friji na mashine za kufulia, nyeupe nzuri ya kung'aa. Inatamanisha sana kwa sababu inafanana na enameli. Haistahimili joto la bana. Kama una mmeguko mdogo mbali na moto, kwa mfano karibu na swichi au kwenye kona ambapo tone la maji lilikaa bila kuchemka, epoksi itaziba vizuri na itakuwa nyeupe. Hapo peke yake.

Nikija kwenye kazi yenyewe, funga regyuleta kwenye mtungi, toa mpira wa gesi, na hamisha mtungi uende mbali. Kazi ifanyike nje, kivulini. Thina inawaka, na gesi inayosukuma rangi kwenye kopo la kupuliza nayo inawaka, kwa hiyo pasiwe na jiko la mkaa, sigara wala kibatari karibu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini. Hii ndiyo sababu sitaki kuona mtu anapuliza rangi jikoni, mtungi ukiwa umewekwa pembeni na madirisha yamefungwa.

Vua bati la juu. Majiko mengi yameshikwa kwa skrubu chini ya bana au pembeni; kama huoni jinsi linavyotoka, mwite fundi wa majiko kwa hiyo hatua moja. Ukipaka bati likiwa bado jikoni, rangi itaingia kwenye matundu ya bana na njia za hewa, na bana iliyoziba inatoa mwali wa njano, masizi, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kofia za bana na vichwa vyake havipakwi rangi kamwe.

Grisi iliyoganda ndiyo adui mkubwa. Magadi tunayopikia maharage yanafanya kazi nzuri hapa: yakoroge kwenye maji ya moto, loweka kitambaa, lifunike bati kwa saa kadhaa, kisha sugua. Vaa glavu, na usiloweke vichwa vya bana kwenye magadi, kwa kuwa vingi ni vya alumini na magadi hula alumini ikawa nyeusi yenye mashimo. Suuza mpaka maji yaache kujitenga kama yanakimbia mafuta. Pale maji yanapojikusanya matonematone bado pana grisi, na rangi hapo itakaa imetoboka matundu madogo ya mviringo.

Kisha msasa. Anza na namba 80 kwenye kutu na ile rangi ya zamani, mpaka uone chuma kinachong'aa, maana ukiacha wekundu mdogo wa kutu utaendelea kutambaa chini ya rangi. Kingo za enameli iliyomeguka zisugue mpaka kidole kikipita kisikwame; rangi haina unene wa kuficha ngazi. Halafu pitisha namba 240 juu ya bati lote, pamoja na enameli iliyo nzima, ili ule mng'ao ufe. Kioo kinachong'aa hakishiki rangi. Vaa miwani na kitambaa puani: vumbi hili lina chembe za kioo. Watoto wakae mbali, na ukimaliza mwagia maji mahali hapo ufagie.

Futa vumbi, kisha futa bati lote kwa kitambaa safi chenye thina, na kuanzia hapo usiliguse kwa mkono mtupu. Mafundi wengi watataka kupaka redi oksaidi kwanza, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Kataa. Redi oksaidi ina gundi ile ile ya mafuta, itaungua chini na kuitupa ya juu. Puti ya magari nayo itapasuka. Rangi ya ekzosi hupakwa moja kwa moja juu ya chuma kitupu na enameli uliyoisugua, isipokuwa kopo lenyewe litaje praima yake ya joto, yaani rangi ya kutangulia.

Puliza kwa umbali wa kama sentimita 25, mkono ukitembea, mipako miwili au mitatu myepesi, ukiacha muda kati yake kama kopo linavyoelekeza. Mpako wa kwanza uwe kama ukungu tu, chuma kikionekana nyuma yake. Najua inauma kuona bado hakijafunikwa, mkono unataka kuongeza. Usiongeze. Rangi hii ikiwa nene, ile ya juu hukauka mapema na kufungia thina chini, kisha joto likija thina inachemka na kutoa malengelenge, na utakuwa umerudi pale pale ulipoanzia.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi hawaijui, na ndiyo inayoamua kama umetupa hela au la. Rangi ya silikoni ikikauka kwa hewa haijaiva. Unaweza kuishika, unaweza kudhani imekamilika, lakini ukiikwaruza kwa kucha inatoka, na mafuta ya kupikia yanailainisha. Inaiva kwa joto, mara nyingi karibu nyuzi 200 kwa muda wa saa moja hivi; kopo litakupa namba zake. Ukilirudisha bati jikoni na kutegemea moto wa bana, sehemu za karibu zitaiva na zile za mbali hazitaiva kabisa, kama ulivyojionea kwa tone la maji.

Ushauri wangu ni kulipeleka bati kwa mafundi wanaooka rangi ya unga kwenye fremu za madirisha ya alumini na mageti. Tanuri lao hufika nyuzi 180 mpaka 200, ambalo ndilo joto unalolihitaji, na bati moja dogo wanaweza kulipenyeza pamoja na kazi zao. Waeleze kwamba limeshapakwa rangi ya silikoni, unataka kuokewa tu. Wakikushawishi wapake ile rangi yao ya unga, shukuru na ukatae. Ni nzuri kwa madirisha, ila karibu na bana itabadilika rangi na kulainika. Wala usilioke kwenye oveni ya nyumbani. Moshi wa rangi inayoiva una harufu kali na unanasa kwenye kuta za oveni ambamo utaoka mkate.

Kama tanuri halipatikani, liweke bati jikoni, fungua milango na madirisha yote, toa watoto, mtu yeyote mwenye pumu na ndege wa kufugwa, kisha washa bana kwa moto mdogo dakika chache, zima mpaka bati lipoe kabisa, washa tena kwa moto wa kati, zima, hivyo hivyo ukipanda. Litatoa moshi kidogo, ni kawaida. Usipike chochote mpaka liwashwe bila moshi wala harufu. Sehemu za mbali zitabaki laini. Uziguse kwa sabuni na kitambaa laini tu.

Kuhusu usalama uliouliza: rangi iliyoiva vizuri kwenye bati, ambapo chakula hakikai, sina wasiwasi nayo. Lakini makopo mengi yameandikwa wazi kwamba rangi hii si ya kugusana na chakula wala si ya kuungua kwenye mwali wenyewe. Chapati ikidondoka pale, usiiokote ukala. Na vile vyuma vinavyokalia sufuria usivipake, kwa maana vinalambwa na moto kila siku, sufuria zinaviparuza, na rangi yoyote itabanduka. Kama ni vya chuma kizito kisicho na enameli, visugue kutu, vipake mafuta ya kupikia kidogo sana na uvipashe moto mpaka viache kutoa moshi, kama unavyolitengeneza tawa jipya la chuma. Rudia vikianza kupauka. Ndani ya oveni pia pasiguswe na rangi ya aina yoyote.

Sasa niseme ambalo ningelifanya kama jiko lingekuwa langu na bana zake zinawaka buluu safi. Ningeenda kwa fundi anayetengeneza sinki na meza za stenlesi za mahotelini, nikamwachia bati la zamani kama kipimo, akate jipya la unene wa milimita 0.8 au 1 lenye matundu yale yale. Itakugharimu kuliko kopo la rangi, lakini halihitaji kuiva, unaweza kulisugua, na chumvi ya pwani inalishinda kwa shida sana. Msisitize iwe stenlesi kweli. Bati la mabati lenye zinki linafanana nalo machoni likiwa jipya, ila zinki haipendi moto, na moshi wake si wa kuvuta ndani ya nyumba. Lakini kama kutu imeshatoboa bati, au mguu wa bana umeanza kulegea kwa sababu ya kutu, rangi isikuhusu tena. Bana isiyokaa wima na sufuria ya mafuta ya moto juu yake ni hatari ya aina nyingine.

Ukirudisha kila kitu, kaza skrubu, hakikisha kila kofia ya bana imekaa mahali pake bila kuyumba, unganisha mpira na mtungi, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote kabla hujawasha kiberiti. Povu likivimba mahali, gesi inatoka hapo: funga mtungi, kaza, upake tena. Angalia na tarehe iliyochapwa kwenye mpira wenyewe. Kama imeshapita au mpira umepasukapasuka, nunua mwingine siku hiyo hiyo unaponunua rangi.